Kusafisha Picha: Ununue Printa au Uende Studio?

Una picha 30 za mahafali ya mtoto kwenye simu, bibi yake anazitaka mkononi, na dukani umeona printa ya rangi. Kabla hujatoa hela, piga hesabu.

Tuseme printa ni shilingi 300,000. Studio ya mtaani inasafisha picha ya inchi 4 kwa 6 kwa 1,000, na nyumbani wino na karatasi vinakula 500. Unaokoa 500 kwa kila picha, kwa hiyo printa itarudisha hela yake ukishatoa picha 600. Weka bei za kwenu uone. Nani ana ukuta wa picha 600?

Na hiyo 500 ni ya siku njema. Katriji zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi hazijajazwa sawasawa. Idadi ya kurasa unayoisoma kwenye katriji ilipimwa kwa kurasa zenye weupe mwingi. Picha hufunika karatasi nzima kwa rangi, wino ukaisha mapema. Usipoitumia printa wiki kadhaa, wino huweza kukauka kwenye matundu, na ukiiamuru ijisafishe, inajisafisha kwa wino uleule ulioununua. Yangu niliiacha masika yote. Nilipoiwasha ilimtoa shemeji akiwa na milia kama pundamilia, na karatasi tatu za glosi zikaishia kwenye pipa.

Printa za tangi, zinazojazwa wino wa chupa, hula kidogo kwa kila picha ila kuzinunua ni ghali zaidi. Zinamfaa anayechapa kila wiki: mwenye steshenari, mwalimu wa mitihani. Picha kwake ni nyongeza tu.

Studio nazo zina mitego. Uliza kwanza picha inatoka kwenye mashine gani. Wapo wanaotumia printa ya wino kama ile uliyoiona dukani, na picha ya namna hiyo mara nyingi huchafuka ikiguswa na kidole chenye maji. Lebu yenye karatasi ya kemikali, au mashine ya utepe wa rangi, hutoa picha inayovumilia zaidi. Usilipe bei ya lebu kwa picha ya wino.

Kisha uliza: kurekebisha rangi kunalipiwa? Ukitaka leo leo, bei inapanda? Nikisafisha 30 kwa mpigo, unanipunguzia ngapi? Jumlisha na nauli ya kwenda na kurudi, maana picha nne za bei poa zikidai bodaboda mara mbili, si poa tena.

Usizitume WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa na kupoteza ubora. Zitume kama dokumenti au zipeleke kwenye flashi. Umbo la picha za simu nyingi halilingani na la karatasi ya 4 kwa 6, hivyo mwambie fundi aangalie asikate vichwa.

Kwa hizo 30 za mahafali, nenda studio.

Na ukihitaji paspoti saizi za milimita 35 kwa 45, mwombe fundi akupangie kwenye karatasi moja ya 4 kwa 6. Zinaingia nane, na akikubali, unalipia picha moja. Mkasi unao nyumbani.