Ajali Ilitokeaje?

Ukimleta majeruhi hospitalini, swali la kwanza utakaloulizwa ni: "Ajali ilitokeaje?" Wengine hukasirika wakidhani tunapoteza wakati au tunamtafutia polisi ushahidi. La, hasha. Jibu lako hutuonyesha tutafute wapi jeraha lisiloonekana.

Tuanze na boda boda. Ikigonga gari kwa mbele, mwendeshaji hurushwa. Mapaja hugonga usukani na kuweza kuvunjika, kisha kichwa hutangulia chini. Mfupa wa paja ukivunjika, damu lita moja au zaidi inaweza kuvujia ndani, na nje usione hata tone.

Mtu mzima akigongwa na gari akivuka barabara, bampa humpiga miguu kwanza. Kisha hutupwa juu ya boneti, na mwisho huanguka chini. Kwa hivyo hata akililia mguu tu, tutamkagua kichwa na kifua pia. Mtoto ni mfupi. Bampa hiyo hiyo humpata pajani, tumboni au hata kifuani.

Abiria wa matatu naye? Mkanda huokoa maisha. Lakini uvalie chini, kwenye nyonga. Ukikaa tumboni, gari likisimama ghafla unaweza kuumiza utumbo. Alama ya mkanda tumboni ni onyo.

Na aliyeanguka kutoka mnazini akatua kwa miguu? Akivunjika kisigino, tunachunguza pia uti wa mgongo, maana kishindo hupanda juu.

Ndugu msikilizaji, usidanganyike kwa kuwa mtu anatembea. Bandama iliyopasuka inaweza kuvuja damu polepole kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, kizunguzungu na jasho baridi ni dalili za hatari. Mrudishe hospitalini upesi, hata kama ajali ilikuwa juzi.

Ukifika penye ajali, piga 999 au 112. Kandamiza jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi. Usimbebe majeruhi mikono na miguu kama gunia. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwache alipo na ushikilie kichwa chake kisitikisike.

Halafu tazama vizuri: Alirushwa umbali gani? Alivaa helmeti? Alizirai? Njoo utuambie. Macho yako ni sehemu ya matibabu.

Hadi wiki ijayo, kwaheri na safari njema.