Mlenda uliomo kwenye oti, na kwa nini biskuti haigeuki kuwa dawa

Tangu niandike kuhusu kolesteroli, maswali ya wasomaji hayajakoma, na mengi yanahusu kitu kimoja: biskuti za oti za kuoka nyumbani, zile zenye tende au zabibu kavu, mdalasini, tangawizi na iliki. Mmoja anauliza kama kweli zinashusha kolesteroli. Mwingine ana kisukari na muuzaji amemwambia ale tano asubuhi na tano jioni bila wasiwasi, kwa kuwa "hazina sukari, zina asali tu". Wa tatu ndiye aliyenifanya niandike leo badala ya kungoja: anataka kujua kama mdalasini wa kwenye biskuti unatosha ili apumzike na vidonge vya hospitali.

Jibu lako, ndugu yangu, halingoji ufafanuzi: hautoshi. Endelea na dawa zako. Sasa tuyachambue mengine.

Tuanze na jina, maana hata hapo watu wanapotea. Pakiti nyingi za oti huandikwa "shayiri", na kamusi nazo huchanganya. Shayiri yenyewe ndiyo ile inayolimwa Narok na kuishia viwanda vya bia. Oti ni nafaka nyingine iliyo karibu nayo. Kwa mada yetu mkanganyiko huo hauna madhara, kwa sababu nafaka zote mbili zina kitu kilekile kinachotafutwa, nacho ni nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani.

Ukitaka kuiona beta-glukani kwa macho yako, pika uji wa oti, uache upoe kidogo, kisha inua mwiko. Uji unavutika. Aliyewahi kupika mlenda au bamia anaujua uteute huo, na heshima yote ya oti katika sayansi ya moyo imesimama juu yake.

Unatoka wapi? Beta-glukani ni mnyororo mrefu wa glukosi. Wanga wa ugali nao ni mnyororo wa glukosi, na hata selulosi ya mbao na pamba ni mnyororo wa glukosi. Kinachozitofautisha ni vifundo. Wanga umefungwa kwa vifundo vya alfa, ambavyo vimeng'enya vyetu vinavifungua upesi. Selulosi imefungwa kwa vifundo vya beta vya namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo minyororo yake imenyooka na kulaliana kama fito zilizokazwa kwa kamba, na maji hayapati pa kupenya. Beta-glukani ina vifundo vya beta pia, hivyo vimeng'enya vyetu havina ufunguo wake. Lakini kila baada ya glukosi tatu au nne kinaingia kifundo cha beta cha namna ya pili, na hapo mnyororo unapinda. Minyororo iliyopindapinda haiwezi kulaliana. Maji yanaingia katikati yake, inatanuka, inasokotana, na kila kilichomo tumboni kinakuwa kizito. Kupinda huko kudogo ndiko kunakotenganisha uji wa oti na gogo la mninga.

Uzito huo unafika utumboni na kukutana na nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli. Zikishasaidia kusaga mafuta, mwili hauzitupi: takriban asilimia 95 hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba, zikarudi kwenye ini na kutumika upya, mara kadhaa kwa siku. Mwili ni bahili kwelikweli katika jambo hili. Uteute wa oti unauvunja ubahili huo, kwa sababu sehemu ya asidi inanaswa humo na kutoka na choo. Ini linabaki na upungufu ambao lazima ulijazwe, na malighafi ya kuujaza ni kolesteroli. Basi linaongeza milango ya kupokelea LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, kwenye seli zake na kuivuta kutoka kwenye damu. Dawa ya hospitali iitwayo kolestiramini inapita njia hiyohiyo ya kunasa asidi za nyongo, kwa hiyo hapa hatuzungumzii imani ya bibi na babu.

Kipimo nacho kinajulikana. Mwaka 1997 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu vyakula vya oti viandikwe kuwa vinasaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa msingi wa gramu 3 za beta-glukani kwa siku pamoja na mlo wenye mafuta kidogo yanayoganda. Kwa kiasi hicho LDL hushuka kwa wastani wa milimoli 0.25 hivi kwa lita. Ni faida ya kweli, na ni ndogo kuliko ile ya vidonge vya statini.

Sasa tuitie oti kwenye oveni.

Mwaka 1963 watafiti wa Uholanzi walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wanaume waliokula mkate wenye gramu 140 za oti kila siku kwa wiki 3, na kolesteroli yao ikashuka. Miaka 40 baadaye, mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, palepale Uholanzi, walichapisha jaribio jingine. Watu wenye kolesteroli iliyopanda kidogo walikula mkate na biskuti zilizotiwa beta-glukani ya pumba za oti kwa wiki 4. LDL haikutikisika. Kisha baadhi yao wakanywa beta-glukani ndani ya juisi ya machungwa kwa wiki 2, na LDL ikashuka kwa karibu asilimia 7.

Kirutubisho ni kilekile na watu ni walewale, ila chombo kimebadilika. Watafiti walishuku uokaji wenyewe, na anayeufahamu ule mnyororo anaelewa kwa nini. Uteute unahitaji vitu viwili: maji ya kutosha na mnyororo mrefu. Unga wa ngano una vimeng'enya vinavyoweza kuikata minyororo ya beta-glukani donge likiwa limeloa, na mnyororo uliokatwakatwa hauvutiki tena. Biskuti ina taabu yake ya ziada: ni kavu, na beta-glukani iliyofungiwa katikati ya siagi na unga uliokauka hukosa maji ya kuifungua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 liliongeza ushahidi huo: nafaka ya kifungua kinywa yenye beta-glukani ya minyororo mifupi ilikosa nguvu ya ile yenye minyororo mirefu, ingawa kipimo kilikaribiana.

Kwa hiyo neno "oti" kwenye pakiti halitoshi kukuambia lolote. Uliza imesagwa vipi, imepikwa vipi, na kiasi gani.

Tupige hesabu ya kiasi. Chukua mchanganyiko wa kawaida: oti gramu 200, unga wa ngano gramu 100, siagi gramu 120, sukari gramu 100, tende gramu 150, yai moja na kijiko cha chai cha mdalasini. Utapata biskuti 24 hivi. Oti ina takriban gramu 4 za beta-glukani katika kila gramu 100, hivyo kila biskuti inabeba theluthi moja ya gramu. Ili ufikishe gramu 3 ule biskuti 9, kila siku. Biskuti hizo 9 zina gramu 45 za siagi, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, yaleyale yanayopandisha LDL. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 asizidishe gramu 22 hivi za mafuta hayo kwa siku nzima. Umezimaliza zote kwenye sahani ya biskuti, ukitafuta kushusha kolesteroli! Na bado kuna gramu 38 za sukari uliyomimina kwa mkono wako, mbali na ile ya tende.

Gramu 3 hizohizo zinapatikana kwenye uji wa gramu 75 za oti kavu, yaani kikombe kimoja kilichojaa.

Nije kwenye mdalasini, maana hapa ndipo matapeli walipopiga kambi. Kila mwezi naletewa ujumbe uleule: kijiko cha mdalasini na asali kwenye maji moto kila asubuhi, na kisukari kwaheri. Mwaka 2012 mtandao wa Cochrane ulikusanya majaribio 10 yenye washiriki 577 wenye kisukari, na haukupata ushahidi wa kutosha wa kuunga mkono mdalasini kama tiba. Anayemshauri mgonjwa aache metformini, dawa yake ya kisukari, ili anunue unga wake anampeleka kwenye upofu, figo zilizokufa na mguu uliokatwa, naye hatakuwepo wodini siku hiyo ikifika.

Kijiko hicho kina hatari ambayo muuzaji haisemi. Mdalasini ni wa aina mbili kubwa, ule wa Ceylon na ule wa kasia, na kasia ina kumarini kwa wingi, kemikali inayoweza kuumiza ini la watu walio dhaifu kwayo. Mwaka 2006 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula ilitoa onyo baada ya kumarini nyingi kukutwa kwenye biskuti za mdalasini za Krismasi. Kiwango kinachovumilika kila siku ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, sawa na miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Gramu moja ya kasia ina wastani wa miligramu 3. Kijiko kimoja cha chai, gramu mbili na nusu hivi, tayari kimevuka mpaka. Katika biskuti zetu kijiko hicho kimegawanywa kwa 24, kwa hiyo waokaji wasiwe na hofu. Wenye kukinywa kila asubuhi ndio nawaomba waache leo.

Namna ya kuzitambua: kijiti cha Ceylon kimeviringishwa kwa maganda mengi membamba na huvunjika kirahisi, cha kasia ni ganda moja nene na gumu. Ukishasagwa, macho hayaoni tofauti. Nunua vijiti, saga mwenyewe. Unga nao una hatari nyingine: mwaka 2023 huko Marekani, watoto walidhurika kwa risasi, ile metali yenye sumu, iliyokuwa kwenye mdalasini wa unga uliotiwa katika rojo la tufaha.

Kuhusu asali: ni sukari. Karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na muuzaji anayeandika "haina sukari" juu ya biskuti ya asali anamdanganya mgonjwa. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe, hata iliyookwa, kwa sababu mbegu za bakteria wa botulizimu hustahimili joto la biskuti.

Tende na zabibu kavu zina utetezi bora zaidi, kwa kuwa sukari yake huja na nyuzinyuzi na potasiamu. Hata hivyo theluthi mbili ya tende au zaidi ni sukari, na damu ya mwenye kisukari itaiona. Tende tatu za futari zihesabiwe. Za kwenye biskuti nazo zihesabiwe.

Kuna walioniuliza kuhusu saratani. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kuwa vyakula vya wanga vikikaushwa kwa joto kali vinazaa akrilamaidi. Walianza kuifuatilia baada ya kemikali hiyo kuvuja mwaka 1997 kwenye ujenzi wa handaki la reli la Hallandsås, ikaua samaki na kupooza ng'ombe. Walipopima damu za watu wasiokaribia handaki, wakazikuta nazo zina alama zake, na chanzo kikawa chakula. Asparajini, asidi ya amino iliyomo kwenye nafaka, hukutana na glukosi au fruktosi kwenye joto linalozidi nyuzi 120, na rangi ya kahawia inapokolea, akrilamaidi nayo huongezeka. Asali ina sukari hizo mbili zikiwa tayari, hivyo huiharakisha kazi hiyo. Kwa wanyama wa maabara akrilamaidi inaleta saratani. Kwa binadamu, tafiti za ulaji hazijakubaliana. Epua biskuti zikiwa na rangi ya dhahabu, na ukioka kwa mkaa punguza moto wa juu.

Mengine ni mafupi. Tumia oti nzima iliyobanjwa, usiisage. Punguza sukari kwa nusu, tende zitafidia. Badili sehemu ya siagi kwa mafuta ya alizeti. Kula moja au mbili, kwa chai isiyo na sukari. Mwenye kisukari apime sukari saa mbili baada ya kula, kipimo kitamjibu kuliko muuzaji. Na asiyemudu bei ya oti asione amekosa kitu: maharage na kunde zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka pia, na ziko sokoni kwako.

Okeni, basi. Nyumba inayonukia iliki na karafuu ni neema, na mtoto anayekula biskuti ya oti na tende amepata kitu bora kuliko ile ya dukani ya unga mweupe na sukari. Ombi langu ni moja: biskuti ikae kwenye sahani ya chai, uji wa oti ukae kwenye kifungua kinywa, na dawa aliyokuandikia daktari uendelee kuimeza.