Uwanja wa Vigari Huanza na Jembe

Mwaka 1985 huko Del Mar, California, yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya vigari vya umeme vya kipimo cha 1/10, vinavyoongozwa kwa redio na kukimbia juu ya udongo. Mshindi hutajwa; mwenye jembe husahauliwa. Lakini bila mitaro, mvua moja huharibu njia nzima. Udongo wa matuta usipomwagiwa maji na kushindiliwa, humomonyoka. Vilabu vingi vina desturi njema: amalizaye mbio huingia uwanjani kuinua vigari vya wenzake vilivyopinduka. Akikwepa zamu hiyo, huweza kupoteza matokeo yake. Sisi tunaongeza neno moja: siku ya zawadi, aliyechimba mtaro naye atajwe.