Ulinganifu wa modeli na msimbo

Ulinganifu wa modeli na msimbo ni hali katika uhandisi wa programu ambapo michoro ya usanifu wa programu ya kompyuta inakubaliana na msimbo wake. Modeli huonyesha sehemu za programu na jinsi zinavyotegemeana. Msimbo ndio unaotekelezwa na kompyuta.

Sababu za kutofautiana

Modeli nyingi huchorwa kwa UML, lugha ya michoro iliyopitishwa na Object Management Group mwaka 1997. Baadaye msimbo hurekebishwa mara kwa mara huku mchoro ukiachwa kama ulivyo. Kwa mfano, mchoro wa programu ya maktaba unaweza kuonyesha kwamba ukurasa wa msomaji hupata taarifa kupitia sehemu ya uazimaji pekee. Mwandishi wa programu akiufanya ukurasa huo usome hifadhidata moja kwa moja, programu itaendelea kufanya kazi. Lakini siku kanuni za uazimaji zikibadilishwa katika sehemu ile, ukurasa utabaki na kanuni za zamani, na mchoro hautaonyesha kwa nini.

Mwaka 1992 Dewayne Perry na Alexander Wolf walieleza ukiukaji wa aina hii kuwa mmomonyoko wa usanifu.

Njia za kuulinda

* Kuzalisha msimbo kutoka kwenye modeli. Mabadiliko yaliyofanywa kwa mkono yanaweza kufutika msimbo ukizalishwa upya.
* Kuzalisha modeli kutoka kwenye msimbo. Mchoro huonyesha kilichopo, si kilichokusudiwa, hivyo kosa nalo huchorwa kama sehemu ya usanifu.
* Kulinganisha vyote viwili. Mwaka 1995 Gail Murphy, David Notkin na Kevin Sullivan walitoa njia ambayo mhandisi huchora modeli anayoitarajia na kutaja ni faili zipi zinahusika na kila sehemu. Zana huonyesha mahusiano yanayolingana, yaliyomo katika msimbo bila kutarajiwa, na yaliyotarajiwa lakini hayapo. Njia hiyo ilitumiwa kuchunguza Microsoft Excel, iliyokuwa na zaidi ya mistari milioni moja ya msimbo.

Zana hugundua tofauti, lakini haiwezi kusema upande upi umekosea. Pengine msimbo umekiuka usanifu. Pengine usanifu wenyewe umepitwa na wakati. Uamuzi huo hubaki kwa wahandisi.