Faili la Gigabaiti 2 Halimezwi kwa Mkupuo

Tuseme kampuni ya uchukuzi ina malori 300 yanayovuka mpaka wa Kenya na Uganda huko Malaba na Busia kwenda Kampala, na kila lori hutuma mahali lilipo kila baada ya sekunde 30. Lori moja huzalisha mistari 2,880 kwa siku. Kwa mwezi, yote 300 yanakaribia mistari milioni 26. Mstari ukiwa na baiti 80, faili linapita gigabaiti 2. Bosi anataka kujua malori yalikaa kwenye foleni ya mpakani kwa saa ngapi.

Mwanaprogramu wa Node.js mwenye haraka ataita `readFile` ageuze faili lote kuwa matini moja. Atakwama. Injini ya V8, inayoendesha JavaScript ndani ya Node.js, haipokei matini ya zaidi ya herufi milioni 537 hivi, hata uongeze RAM kiasi gani. Kwa faili dogo la mipangilio, sawa, `readFile` inatosha.

`createReadStream` huleta vipande vya kilobaiti 64. Kipande hakijui mstari unaishia wapi, hivyo namba ya lori huweza kukatwa katikati. Kuunganisha iachie `readline`, kisha upokee mistari kwa kitanzi cha `for await`. Kitanzi hiki kiliingia rasmi katika JavaScript mwaka 2018.

Faida yake kubwa ni kusubiri. Ukitegemea tukio la `data` huku ukiandika kwenye hifadhidata, vipande vipya havingoji uandishi uishe. Vinarundikana hadi programu inaanguka. `for await` haikupi mstari mwingine kabla hujamalizana na ulionao, na akiba ya muda (buffer) ikijaa usomaji wa diski husimama. Ndivyo ilivyo yadi ya forodha ikijaa: malori hubaki barabarani. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, foleni ya Malaba ilinyooka kwa kilomita nyingi. Mistari inayongoja diskini, angalau, hailali njaa.

Kwa hesabu ya bosi, tunza tu saa ambayo kila lori liliingia eneo la foleni na jumla yake: rekodi 300 basi.

Tahadhari: ukiweka `await` kati ya kuunda kisomaji cha `readline` na kuanza kitanzi, mistari ya mwanzo huweza kupotea kimyakimya. Kuanzia Node 18.11, fungua faili kwa `open` ya `fs/promises`, kisha uandike moja kwa moja `for await (const mstari of faili.readLines())`.