Magamba ya Kimulimuli na Taa za Myamba

Wengi tunadhani taa hafifu ni taa isiyotengeneza mwanga wa kutosha. Mara nyingi siyo hivyo. Mwanga umeshatengenezwa, ila umekosa pa kutokea.

Chukua taa ya LED, kama hizi za sola tunazowasha kwetu Myamba, milimani Upareni. Moyo wake ni punje ya galiamu nitridi. Mwale ukifika kwenye uso wa punje kwa mshazari unaozidi kama nyuzi 24 kutoka wima, hautoki (waliosoma PCM wanakumbuka hesabu yake). Unarudishwa ndani kama kwenye kioo, unazunguka weee, mwisho unageuka joto. Uso ukiwa laini na mtupu, kinachopenya upande mmoja ni kama asilimia 4 tu!

Kimulimuli ana shida hiyohiyo, maana mwanga wake unazaliwa tumboni na lazima upenye gamba. Mwaka 2013 Annick Bay na Jean Pol Vigneron wa Chuo Kikuu cha Namur, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti juu ya vimulimuli wa jenasi Photuris, wa Amerika. Walikuta vigamba vya tumboni havijalala bapa. Vimepandiana kama mabati ya paa, na ukingo wa kila kimoja umeinuka. Kimo chake ni maikromita chache, kumbe ndipo mwanga unapochoropokea: mwale uliokwama kwenye uso laini unakutana na ukuta wenye pembe nyingine, unapita. Wakaiga. Walipaka LED utando, wakauchonga kwa leza umbo lile la paa, na mwanga uliotoka ukaongezeka hadi asilimia 55.

Tusipagawe lakini. LED nyingi nzuri za leo tayari zina uso uliokwaruzwa au kuba ya plastiki kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo kwao nyongeza itakuwa ndogo. Ninachokipenda mimi ni kwamba utando huu unapakwa juu ya taa iliyokwisha kutengenezwa.

Mjini faida yake ni vijisenti vya LUKU. Myamba, ukungu ukikaa mlimani kutwa nzima na paneli isipate jua, ni habari nyingine. Tuseme nyongeza ni robo tu, nawe ukapunguza umeme ubaki na mwanga uleule: taa ya mtoto wa darasa la saba, inayowashwa saa moja jioni na kuzimika saa tatu, inafika saa tatu na nusu.