Maji Yanayopanda Ukutani Makumira

Kabla fundi hajafungua ndoo ya rangi, chukua bisibisi uichomeke chini kabisa ya fremu ya mlango wa jikoni, pale inapogusa sakafu. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, rangi haitakusaidia kitu.

Makumira iko kusini-mashariki mwa Mlima Meru, upande unaopata mvua nyingi. Migomba hupandwa hadi ukutani, na mfereji wa kuimwagilia hupita hatua chache kutoka kwenye msingi. Ikifika Juni mawingu hutanda kutwa, hata nguo hazikauki kambani.

Tofali la saruji lina vitundu vyembamba kuliko unywele. Maji huvipanda yenyewe, kama mafuta ya taa yapandavyo utambi wa chemli, mara nyingi hadi karibu mita 1. Kinga yake ni tabaka la nailoni au lami juu ya msingi, ambalo nyumba nyingi za zamani hazina. Na maji ya Meru hayapandi peke yake. Yamebeba magadi, yaani sodiamu bikaboneti, pamoja na floraidi ile ile inayotia meno rangi ya kahawia kule kwenye kata ya Maji ya Chai. Maji hukauka, chumvi hubaki, hugeuka fuwele ndani ya lipu na kuisukuma hadi ibanduke. Ule unga mweupe unaoufuta kila mara ndio huo.

Mbao zina adui wake: kuvu. Mbao huanza kuwa hatarini unyevu wake unapozidi asilimia 20. Kuvu inayoshambulia msonobari kwa kawaida hula selulosi na kuacha lignini, ndiyo maana msonobari uliooza huwa wa kahawia na kupasuka vipande vya mraba. Ulaya wanaihofia Serpula lacrymans, kuvu yenye asili ya Asia, inayotoa matone kama machozi na kusafirisha maji hadi kwenye mbao zilizo mbali. Uharibifu wake huitwa uozo mkavu, jina linalopotosha, kwani hakuna kuvu inayokula mbao zisizo na maji.

Nyumba za wazee wetu zilikuwa na kinga: moto wa mafiga uliwaka ndani na moshi ukakausha nguzo na paa kila siku. Tulipoziba dari na kutoa jiko nje, tuliiondoa kinga hiyo bila kuweka nyingine.

Basi anza na maji. Geuza mfereji, ng'oa migomba iliyo ukutani, funga gata. Fremu iliyooza ikatwe hadi kwenye mbao nzima, tena futi moja zaidi. Bandua lipu iliyolowa. Usiupake ukuta saruji ngumu haraka, maana itafungia maji ndani. Kisha subiri. Makadirio ya wajenzi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, hivyo tofali la inchi 6 linadai miezi 6. Ukibandua Julai, ndoo ya rangi ifunguliwe Januari.